Mbwa wa Mawindo Halelewi kwa Njaa

Sijui nani aliwaambia vijana wetu kwamba mbwa wa mawindo hutengenezwa kwa njaa na kiboko. Mfyuu! Siku ya soko hapa Rodi Kopany utamkuta mmoja amekuja na katoni, ndani watoto wa mbwa wanne wamerundikana, umri wao wiki nne, pengine hata hazijatimia. Mteja akisogea, muuzaji anamchopoa mmoja kwa ngozi ya shingo na kumning'iniza hewani. "Ona, halii! Huyu ni jasiri, omera." Halii kwa sababu hana nguvu za kulia. Tumbo limejaa minyoo, ufizi umepauka, viroboto wamemfyonza damu tangu azaliwe. Na mteja anatoa pesa, anapanda boda kuelekea Ndhiwa, akiamini amepata mwindaji.

Wazee wangu, hebu tuanzie kwa mama. Mbwa hubeba mimba siku kama 63, miezi miwili tu, na miezi hiyo ndiyo tunayomsahau. Anazunguka jalalani akiokota maganda. Halafu anazaa sita au saba chini ya ghala, mvua inamnyeshea, na kesho yake inambidi aache watoto akajitafutie. Akikawia, watoto wanapoa. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa jana hana uwezo wa kujitia joto mwenyewe, na akishapoa hanyonyi. Hata ukimkamulia maziwa mdomoni, tumbo lake haliyasagi. Asubuhi unakuta watatu wamekufa, na maneno yanaanza kwamba mama huyu ana mkosi. Mkosi gani! Angepata gunia kavu, nyasi kidogo, mahali pasipopenya upepo, na chakula mara tatu kwa siku, wale watatu wangekuwa hai.

Na chakula ndicho kinachonikera zaidi, maana sisi wa upande wa ziwa hatuna kisingizio. Omena wanaanikwa kila ufuo kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay. Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyoondolewa minofu, zinauzwa kwa bei ya chini kabisa. Chemsha, ponda mifupa mpaka ilainike, changanya na ugali, usitie chumvi, mwekee na maji safi karibu. Mama anayenyonyesha hula mara mbili au tatu ya anachokula siku za kawaida, kwa sababu maziwa yanatoka kwenye mwili wake.

Siku moja chuchumaa pembeni, usiseme neno, utazame anavyowalea. Anamgeuza mtoto chali kwa pua, anamlamba chini ya tumbo, polepole, mpaka mkojo utoke, na mkojo huo anaulamba wote ili malazi yabaki makavu. Wiki mbili tatu za kwanza mtoto hawezi kukojoa wala kunya bila kulambwa hivyo. Ndiyo maana mama akifa, maziwa peke yake hayaokoi watoto. Kila baada ya kunyonyesha chukua kitambaa, kichovye maji ya uvuguvugu, umpanguse pale pale mama angemlamba. Ukisahau, tumbo linavimba naye anakufa akiwa ameshiba. Jambo hili nimemweleza zaidi ya mtu mmoja pale steji, wakanitazama kama nimepagawa.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Msiyafungue kwa vidole! Wiki ya pili mpe dawa ya minyoo, urudie kila baada ya wiki mbili mpaka aache ziwa, na mama naye apewe, kwa kuwa minyoo mingi mtoto huipata akiwa bado tumboni. Nenda duka la dawa za mifugo, useme uzito wake, usikisie. Minyoo hiyo hiyo huwaingia watoto wetu wanaocheza uani.

Sasa sikilizeni hapa, ninyi mnaotaka mbwa hodari. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 12, akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kabisa. Atakachokizoea wakati huo, kuku, mbuzi, watoto wa shule, mlio wa pikipiki, hatakiogopa wala kukirukia ukubwani. Na katika wiki hizo hizo, ndugu zake wanamfundisha kuuma kwa kiasi: akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na kuacha mchezo. Yule aliyeuzwa na wiki nne hakupata somo hilo. Baadaye akimng'ata mtoto wa jirani, tunasema ana damu mbaya. Mwacheni na mama yake mpaka wiki ya nane.

Halafu kuna hawa wa pilipili. Eti umlishe pilipili na nyigu awe mkali, umfungie gizani mchana kutwa, umchape akilia. Nasonya mpaka ulimi unauma. Mbwa aliyelelewa hivyo ni mwoga, na mwoga huuma chochote kinachosogea. Akifika porini hasikii jina lake. Mbwa wa kufuata harufu anahitaji utulivu na hamu ya kumfurahisha mmiliki wake.

Mafunzo yake ni mchezo. Funga kipande cha ngozi ya samaki kwenye uzi, kiburute hatua kumi nyasini, kifiche, mlete mtoto, mwachilie. Akikipata, msifu na umpe. Kesho hatua ishirini na kona moja. Wiki ijayo acha njia ipoe nusu saa kabla ya kumleta. Fanya asubuhi, umande ungali chini, harufu inakaa. Saa sita jua linaichoma yote. Dakika tano zinatosha, uache akiwa bado anataka. Neno la kumwita liwe moja tu, nyumba nzima ilitumie, na asije akaitwa kwa neno hilo kisha akachapwa. Wala usimkimbize nyuma ya pikipiki kabla hajatimiza mwaka, mifupa yake bado haijakomaa.

Najua mnachowaza: akishaiva, twende naye Lambwe. Hapana! Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Babu zetu waliwinda na mbwa, naliheshimu hilo, lakini wao walikuwa na pori kutoka hapa mpaka Gwassi. Sisi tumebakiwa na Hifadhi ya Ruma hapo Lambwe, kilomita za mraba zipatazo 120. Humo ndani ndimo wamesalia korongo, swala wale wakubwa, wa mwisho wa Kenya nzima, wachache wa kuhesabika, hakuna kwingine nchini utakakowaona porini. Mama korongo humficha ndama nyasini wiki zake za kwanza, akaenda malishoni, akarudi kumnyonyesha. Mtu anaweza kupita hatua tano asimwone. Mbwa atamwona kwa pua. Nikifikiria kundi la mbwa wetu wenye njaa likimkuta ndama yule amelala kimya, nakosa usingizi. Huyo mmoja si kitoweo, jamani.

Pua hiyo ina kazi nyingine tele. Tumbili wanaomaliza mahindi, nani anawafukuza? Huko mpakani mwa Kuria na Trans Mara, wizi wa ng'ombe umewaliza watu miaka na miaka. Mbwa anayejua kufuata nyayo za mtu aliyepita alfajiri ni mali kubwa. Ng'ambo ya milima, upande wa Mara Triangle, askari wa hifadhi hutumia mbwa wa aina hiyo kuwafuata majangili. Kijana wa Kehancha au Ntimaru anayejua kulea mbwa na kumfunza pua ana ujuzi wa kuheshimiwa, na nasikitika kwamba bado hakuna anayemwambia hivyo.

Jambo la magonjwa ndilo linalonikasirisha hasa, kwa sababu tunalifanyia mzaha. Wakazi wa Lambwe wanajua mbung'o. Mbwa akiumwa naye, anakonda, anapata homa, jicho linafunikwa na ukungu wa buluu, na watu wanasema amerogwa. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo mapema. Wala si mbung'o peke yake. Mwaka 1994 simba kama 1,000 wa Serengeti walikufa, theluthi moja ya simba wote wa kule, kwa ugonjwa unaoitwa distempa, ukavuka mpaka ukaingia Maasai Mara. Wataalamu walipofuatilia, waliwaelekezea kidole mbwa wa vijijini, mbwa kama hawa wetu wasiochanjwa. Kinga yake mtoto hupewa kuanzia wiki ya sita au ya nane, kisha hurudiwa.

Na kichaa cha mbwa, hicho sitakizunguka. Mtu akishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 mtu asife tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa, na njia yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini chifu akitangaza siku ya chanjo, nani tunamtuma? Mtoto wa miaka saba, na mbwa watatu kwenye kamba moja ya katani. Mbwa ambao hawajawahi kufungwa kamba maishani! Wanapigana kwenye foleni, mtoto anaburutwa, mwingine anang'atwa, na nusu wanarudi nyumbani bila sindano. Baba yupo, amekaa kwenye kivuli cha mwembe anacheza bao la ajua. Inuka, jaduong'. Shika kamba mwenyewe, mbwa mmoja mmoja, na umzoeshe kamba hiyo kuanzia leo jioni.