Goti la Baba Mkwe
Wanapokupangia mahari Kampala hawakwambii kila kitu. Mbuzi utaambiwa, kanzu utaambiwa, kreti za soda utaambiwa. Usiloambiwa ni kwamba baba mkwe alisoma Makerere miaka ya sabini, na kwamba kila Jumapili, baada ya matoke na mchuzi wa karanga, utasimuliwa alivyocheza mpira huko. Nawe mkwe huna ruhusa ya kuinuka, kupiga miayo wala kuuliza tarehe.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kunyamaza mbele ya wakwe. Lakini lile goti limenishinda. Februari tuliambiwa liliumia kwenye fainali ya mabweni, Lumumba na Northcote (siku hizi Nsibirwa). Ilipofika Pasaka, lilikuwa limeumia kwenye raga. Mwezi uliopita, mbele ya wageni, likaumia kwenye mpira wa magongo, tena safari hii lilikuwa la kushoto. Daktari anasema ni uzito. Mzee anasema madaktari wa siku hizi hawakusoma.

Halafu kuna John Akii-Bua. Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 48, tena akiwa kwenye mstari wa ndani kabisa ambao wakimbiaji hawautaki. Alikuwa polisi, si mwanafunzi. Hilo haliwasumbui wazee wa Makerere. Kila niliyekutana naye aliwahi kufanya naye mazoezi, na wawili walimshinda, ila saa ilikuwa mbovu. Na Cranes, timu ya taifa ya Uganda, walipofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 1978 wakafungwa 2-0 na Ghana, baba mkwe hakuwamo kikosini kwa sababu alikuwa na mtihani. Alikuwa ameshahitimu miaka mitatu nyuma, lakini mtihani anao.

Na raha za bwenini anazosimulia! Kuku, shuka za kufuliwa, chai ya vijiko vitatu vya sukari. Siku moja ulimi ukaniponyoka: “Sukari hiyo ilikuwa mwaka gani, baba?”

“Sabini na tano.”

Sauti ikatoka jikoni: “Sukari! Na mimi niliyepanga foleni ya sabuni nilikuwa nchi gani?”

Mama mkwe ana haki. Wahindi walishafukuzwa 1972, maduka yao yakagawiwa kama pipi, na sukari ikawa bidhaa ya magendo. Mzee alikohoa, akaomba rimoti.

Yapo asiyoyasimulia. Makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Rais Idi Amin mwaka 1972, hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Ukigusia hayo, mzee anarudi kwenye mpira mbio kuliko Akii-Bua. Hapo simlaumu hata kidogo.

Ninacholalamikia mimi ni idadi. Wazee niliokwisha kuwasikiliza, wa bweni moja tu, wanatosha timu nne, na wote walikuwa washambuliaji. Beki hakuna. Kipa hakuna. Mtazamaji, ndiyo kabisa, hakuna. Sijui hayo makofi wanayoyasimulia yalipigwa na nani.

Mtu pekee wa zama hizo niliyesikia akitajwa kuwa alikaa benchi ni Idi Amin mwenyewe, ambaye kwenye ndondi alikuwa bingwa kweli. Eti alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya raga ya Afrika Mashariki ilipocheza na British Lions mwaka 1955. Hayumo kwenye picha ya timu, hayumo kwenye orodha, na raga ya wakati ule haikuruhusu kubadilisha wachezaji. Yaani hata huyo mmoja wa benchi ni wa kuzushiwa!

Kwa hiyo natoa ombi. Kama ulikuwa Makerere miaka hiyo, ukavaa jezi ukakaa benchi mechi nzima, au ulikuwa pembeni ya uwanja na karanga zako, njoo Ntinda, hapa Kampala, Jumapili. Matoke ni mengi. Utakaa kati yangu na baba mkwe, na ukiulizwa goti lako liliumia wapi, tafadhali sema ukweli: kwenye ngazi.