Utukufu wa Paka Mwoga

Simba amesifiwa vya kutosha. Ana klabu ya mpira, ana mifuko ya saruji, na kila mgombea wa udiwani akipanda jukwaani hujifananisha naye. Leo namsifu ndugu yake mdogo, yule ambaye huku Kasulu na Kibondo akisikia tu pikipiki ya bwana mifugo inakata kona, yuko uvunguni mwa kitanda, nyuma kabisa, pale ufagio usipofika.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii tunaikariri sisi. Anayeiishi ni paka. Mtazame ng'ombe wetu wa Buha, mwenye pembe za kumtisha dereva wa lori: huswagwa hadi joshoni na mtoto wa darasa la tatu mwenye kijiti. Mbwa huenda kuchanjwa kichaa huku akitikisa mkia, akidhani amealikwa. Mbuzi hulalamika njia nzima, lakini anafika. Paka peke yake ndiye anayeitishiwa kikao cha familia.

Nchi hii iliwahi kuwa na watu wa namna yake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alikatiza Uha, yaani Buha yetu hii, na kila alipotua alidaiwa hongo: nguo kwa mkubwa huyu, nguo kwa mkubwa yule, mpaka akaona mali itamwishia kabla hajaiona Ujiji. Akaamua kutoroka usiku na msafara wake, kimyakimya, kwa njia za porini. Paka wetu ni mwami, mtawala wa Kiha, wa utaratibu huohuo wa zamani. Bila hongo hupiti, na ukitaka kumpitia usiku, basi umechagua saa zake za kazi.

Hongo yenyewe ni dagaa wa Kigoma, na hailipwi siku ya safari ya kwa daktari wa mifugo. Huanza kulipwa wiki nzima kabla. Unatafuta tenga la plastiki lenye mfuniko, unaliweka wazi pembeni mwa sebule, unatandika ndani kanga kuukuu yenye harufu ya nyumbani, kisha unasahau kwamba lipo. Siku ya kwanza dagaa huwekwa mlangoni mwa tenga. Kesho yake ndani kidogo. Keshokutwa ndani kabisa, na mtu yeyote asithubutu kugusa mfuniko. Akishaanza kulala humo mwenyewe ndipo unafunga kwa dakika moja, unafungua, unatoa dagaa mwingine. Nawaombeni mnisaidie: ni semina elekezi gani imewahi kuwafanya watu wa ukoo wangu wajiandae kwa jambo wiki nzima kabla? Harusi zetu wenyewe, kamati ya chakula hukaa kikao cha mwisho wali ukiwa jikoni.

Kuna wanaosema hayo ni madeko, gunia linatosha. Gunia paka analifahamu. Aliyezidisha kudokoa mboga hutiwa humo, akabebwa, akaenda kutupwa ng'ambo ya mto. Sasa huyu aliyebaki akiliona gunia na kupanda darini, mnamwita mwoga? Amesoma historia ya wenzake, na amefaulu.

Hata dawa za binadamu amezikataa, isipokuwa kwa masharti. Paracetamol ambayo sisi tunaitafuna kwa kila kichwa kuuma, kwake ni sumu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja ipasavyo. Kwa hiyo asije mtu akamtuliza kwa vilivyomo kwenye droo. Daktari wa mifugo akiona hofu imezidi, anaweza kumwandikia gabapentini, ile wanayopewa watu wenye kifafa na maumivu ya neva, akaimeza nyumbani yapata saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Kipimo hutoka kwa daktari. Jirani aliyewahi kufuga hahusiki.

Na kipimo kinataka uzito. Paka mzima huwa na kilo tatu, nne, labda tano, hivyo ukikosea kilo moja umekosea sehemu ya tano, robo, au theluthi nzima ya dawa. Hapo ndipo mheshimiwa huletwa sokoni, kwenye mizani ya kuning'inia inayopimia maharage. Hupimwa tenga tupu, kisha tenga na mwenyewe. Mfanyabiashara aliyezoea kuchezesha mizani kwa wakulima, mbele ya macho yale mawili yanayomwangalia kwenye matundu, nilimwona anasoma kwa uaminifu hadi gramu.

Usiku wa kuamkia safari hongo hukatwa. Paka mzima halishwi, ila maji huachiwa mpaka asubuhi. Mtoto wa paka hafungishwi muda mrefu hivyo, maana sukari yake hushuka upesi. Sababu ya kumfungisha ni kwamba zailazini, dawa ya usingizi inayopatikana sana kwa wataalamu wa mifugo, humtapisha paka, na matapishi yakiingia mapafuni ni msiba. Tenga hufunikwa kanga, hufungwa barabara, likapakatwa kwenye bodaboda na mtu anayejua kunyamaza.

Kwenye foleni ya matibabu mama mmoja mwenye mbuzi aliinama akachungulia.

“Mwanangu, huyo kuku anaumwa nini?”

“Shikamoo mama. Si kuku, ni paka.”

“Marahaba. Paka! Anaumwa nini?”

“Haumwi. Amekuja kuhasiwa.”

Mama akamvuta mbuzi wake kando kidogo, kwa heshima.

Mtaalamu mwenyewe, ambaye ameangusha mafahali, alikunja mikono ya shati na kutuonyesha makovu. La fahali lilikuwa moja. Mengine yote ya paka. Akaeleza kwamba mnyama akidungwa huku amepandwa na hofu, dawa haimshiki vizuri. Kwa hiyo baada ya sindano tenga lilifunikwa tena likawekwa kwenye chumba chenye kiza, na sote tukaambiwa tutoke. Maofisa, wenye mbuzi, vijana wa bodaboda, tukasimama nje tukinong'ona kwa ajili ya kilo nne.

Zailazini yake ilichanganywa na ketamini, ambayo imekuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985 na inawalaza hata binadamu vyumbani mwa upasuaji. Paka wa ketamini hulala macho wazi, haamini mtu hata akiwa hajitambui, ikabidi apakwe mafuta ya macho yasije yakakauka. Mlinzi gani wa ghala wa kuajiriwa anaweza hilo?

Nyumbani alirudi akiyumba. Huwekwa sakafuni, mbali na jiko la mkaa na pipa la maji, kwenye blanketi, maana mwili wa aliyelazwa hupoa na jioni za Kasulu mwezi wa saba hazina huruma. Chakula mpaka atembee mstari ulionyooka. Paka mwenzake wa nyumbani akimfokea asipigwe. Harufu ya dawa imemfanya mgeni. Na akimng'ata mtu, jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo huenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa hakichagui jina la mnyama.

Tenga halirudishwi stoo. Chanjo ya kichaa inamngoja mwakani, na likitoweka likaja kuonekana tena siku ya safari, kazi yote inaanza upya. Limebaki pembeni mwa sebule, wazi. Wiki hii kuku ametaga humo, na kikao cha familia kimeazimia kwa kauli moja kwamba anayehama ni kuku.