Daftari Limejaa, Mkeka Mtupu

Hakuna mwanachama mwema kuliko yule asiyekuwapo. Hachelewi mkutanoni, hadai kuonyeshwa risiti, hamnyoshei mwenyekiti kidole, na biriani ikipakuliwa fungu lake hubaki kwa wengine. Azimio lolote analiunga mkono kwa kimya chake. Ukizunguka Tudor, kutoka mitaa iliyopakana na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hadi ukingoni mwa ule mkono wa bahari unaotutenga na Mikindani, utakuta watu wamejikusanya kwa kila aina ya starehe: kandanda, bao, keram, dhumna, uvuvi wa mshipi wa siku za mapumziko, safari ya Lamu ya kila maulidi. Kila kikundi kina katibu, kila katibu ana daftari, na kila daftari lina watu wengi kuliko mkeka. Wala hakuna anayeshangaa. Katibu akitamka kwamba klabu ina wanachama 200, msikilizaji mstaarabu hugawanya kwa tano kimoyomoyo, akaitikia "mashallah", na mazungumzo yakaendelea bila mtu kuitwa mwongo.

Lawama huwaangukia makatibu. Husemwa kwamba ni wavivu wa kufuta, au ni watu wa kupenda makuu. Mimi nawatetea, japo kwa nusu moyo. Dai langu ni kwamba jina hewa halizaliwi na anayeliandika; huzaliwa na anayeuliza "mko wangapi?" kabla ya kuuliza "mnafanya nini?" Popote mlango unapofunguliwa na idadi, idadi itapatikana, na watu wakikosekana yatatosha majina. Chukua sheria yenyewe. Sheria ya Kenya ya kusajili vyama, Sura ya 108, inaihesabu jumuiya kuwa ni mkusanyiko wa watu 10 au zaidi. Sasa waweke hapo wapenzi saba wa bao wanaotaka cheti chenye mhuri ili wafungue akaunti ya benki. Saba hawatoshi. Basi anaongezwa dada yake katibu, ambaye hajui kete hutiwa wapi. Anaongezwa shemeji aliye Doha, ambaye atajulishwa siku akirudi. Wa kumi ni muuza kahawa, aliyetia saini akidhani ni karatasi ya madeni ya barazani. Ukiutafuta uovu hapo utachoka bure. Pana watu saba wanaopenda bao na sheria inayopenda kumi, basi.

Ukipanda ngazi, hesabu inakua lakini akili ni ileile. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inakitaka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Hizo ni kaunti 24, na majina 24,000. Hebu fikiria kazi ya kuwapata watu 24,000 walio hai, wenye vitambulisho, wanaokipenda chama ambacho hakijashinda hata kiti cha wadi. Juni 2021 wananchi walipopewa njia ya kuangalia uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi waligundua kwamba ni makada wa vyama ambavyo hawajui hata rangi zake. Watu walishuku vitabu vya wageni vinavyokaa milangoni mwa majengo, vile tunavyoviandikia namba ya kitambulisho bila kuuliza vinakwenda wapi. Malalamiko yakamiminika hadi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye ofisi yake ilikuwa changa bado. Kilichonichekesha mimi ni dawa yenyewe: aliyeandikishwa asijue alitakiwa ajiuzulu. Mtu kujiuzulu mahali ambapo hakuwahi kuingia, tena kwa kufuata utaratibu, ni adabu ya kiwango ambacho hata wazee wa Mji wa Kale hawajakifikia.

Ataniambia mtu kwamba nawapaka mafuta wezi. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania, mwaka 2016, serikali ya Magufuli ilitangaza kuwabaini watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliokuwa katika orodha ya mishahara ya umma. Hao nao walizaliwa na swali la "mko wangapi"? Naam, na huyo aliyeuliza aliambatisha hundi kwa kila kichwa, ndiyo maana vichwa vikaota. Lakini nakubali kuna tofauti: hewa ya mshahara hula, na anayeilisha ni mlipa kodi. Hewa ya klabu ya dhumna haili kitu. Huo ni wizi na hii ni chumvi, na ingekuwa dhuluma kuvitia vyote jela moja.

Tatizo ni kwamba chumvi nayo ina siku yake ya hesabu, na kwetu siku hiyo huja uchaguzi ukikaribia. Tudor ni moja ya wadi tano za Mvita, na mgombea wa wadi hana muda wa kukaa na watu 40. Akiambiwa 40, atasema Inshallah tutaonana. Akiambiwa 200, anauliza saizi za jezi. Hapo katibu anafurahi kwa muda wa usiku mmoja tu, kwa sababu mgombea haleti jezi peke yake, huja na mpiga picha. Jumapili hiyo maskani zote za karibu hukombwa. Madereva wa bodaboda wanaambiwa ni dakika kumi tu. Watoto wa madrasa wanavishwa jezi zinazofika magotini na kusimamishwa mstari wa mbele, ndio timu ya chipukizi. Mzee aliyekuwa akipita na kapu la samaki anajikuta mlezi wa klabu. Picha inatoka nzuri. Jioni jezi zaidi ya 160 zimeenda na waliozivaa, na klabu inabaki na wachezaji wake walewale, baadhi yao wakiwa hawana jezi, kwa kuwa waungwana walisubiri wageni watangulie.

Mambo hugeuka kabisa panapopikwa. Daftari la klabu lenye majina 200 huleta watu 40 kwenye mkutano wa kusoma hesabu, na watu 300 kwenye biriani ya kufunga mwaka. Wasiokuwa wanachama huja wote, wakiwa na wake zao na mifuko ya nailoni. Kwa hiyo mkaguzi pekee wa uanachama ninayemwamini mjini hapa ni mpishi. Haombi daftari. Huuliza mchele uliopikwa mara iliyopita ulikuwa kilo ngapi na ukoko ulibaki kiasi gani, kisha hupanga masufuria yake, na mara nyingi huwa karibu na ukweli kuliko katibu na mweka hazina wakiwekwa pamoja.

Wapo wanaosema basi tuyaache majina yakae, hayamdhuru mtu. Hoja hii ingenishawishi kama vyama havingekuwa na katiba. Katiba nyingi za vikundi hutaka akidi, na akidi huhesabiwa kwa daftari. Tuseme ni thuluthi moja ya wanachama. Wenye 200 wanahitaji 67 waketi ndipo mkutano uwe halali, na wanaokuja ni 40. Kama daftari lingekuwa la kweli, 14 wangetosha na kiti kingebaki cha kuwekea miguu. Sasa hao 40 hawawezi kupitisha bajeti, hawawezi kumwondoa mwenyekiti na, hapa ndipo penye uhondo, hawawezi kupitisha azimio la kuwafuta wale 160, maana azimio hilo nalo linahitaji akidi. Wasiokuwapo wameshinda kura bila kunyanyuka makwao. Mwenyekiti aliyekalia kiti muda mrefu hulijua hili vizuri sana, na ukimsikia akilalamika kwamba vijana hawahudhurii mikutano, mtazame uso.

Kuna wanaotaka ufagio: pitisha mwaka, futa wote walionyamaza. Wenzao serikalini wana ufagio mkubwa zaidi na bado vumbi limewashinda. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2. Mwaka 2022, baada ya alama za vidole na mashine za kila namna, ukaguzi wa kampuni ya KPMG bado uliwakuta marehemu 246,465 katika daftari lililokuwa na watu zaidi ya milioni 22. Sitaki kumcheka mtu hapo. Pwani hii mtu hufariki alfajiri, akazikwa adhuhuri, na matanga yakaanza kabla ya ofisi yoyote kufungua faili. Familia hukimbilia cheti cha kifo pale tu penye nyumba ya kurithi au pesa za benki. Hakuna mfiwa anayeinuka mkekani akasema, jamani, tusisahau kuwaarifu tume ya uchaguzi. Na klabuni ni vivyo hivyo: nani atachukua kalamu amkate marehemu aliyekuwa beki mahiri, wanawe wakiwa wameketi palepale? Simu haina aibu hiyo. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120, na haimuulizi mtu kama arubaini imeshasomwa.

Halafu ufagio haujui kupambanua. Aliyenyamaza si lazima awe hewa. Yule shemeji wa Doha hajashika kete maishani, lakini huenda ndiye aliyetuma pesa za kununulia bao jipya, kimyakimya, kwa simu, akaandika "msinitaje". Pembeni yake yupo bwana anayehudhuria kila mkutano, anayezungumza kwanza na mwisho, aliyependekeza klabu iwe na wimbo, na ambaye ada yake ya mwaka juzi bado "inakuja". Ukifuta kwa kigezo cha kuonekana, utamkata mtu na kubakisha sauti. Ukifuta kwa kigezo cha ada, utamkata fundi wa dhumna asiyekuwa na kazi tangu meli yake itie nanga, na dhumna lenyewe litakufa kwa sababu ndiye anayewafunza wengine. Mzee asiyeweza tena kutoka nyumbani naye yumo, kwa heshima yake, na mimi simtoi.

Mombasa ilikuwa na kinga ya maradhi haya kabla ya kuwa na fomu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulicheza ngoma ya beni, na makundi ya Kingi na Scotchi yakashindana barabarani kwa tarumbeta, sare na gharama. Kwa kupenda makuu hakuna katibu wa leo anayewafikia: vyama vya beni vilijigawia wafalme na majenerali kwa vyeo vya kuazima kutoka majeshi ya Wazungu. Ila pamoja na mbwembwe zote, jenerali alilazimika kutembea. Anayeshindana alikuwa ng'ambo ya barabara, ana macho, anahesabu miguu. Jina lisilotoa jasho lisingeongeza urefu wa mstari hata hatua moja. Uongo wa vyeo ulivumilika kwa sababu hapakuwa na nafasi ya uongo wa watu.

Nikiulizwa basi nifanyeje, jibu langu ni dogo na halitampendeza msajili. Jina liishi mwaka mmoja, kisha life lenyewe pasipo mtu kulikata, na anayetaka kubaki aliandike upya kwa mkono wake au kwa simu yake kutoka Doha. Hivyo hakuna anayefukuzwa, marehemu hawavunjiwi heshima, na mzee wa nyumbani atapelekewa kalamu na mjukuu. Najua pingamizi litakalofuata, kwa sababu ndilo linalotufikisha hapa kila mara: je, tukiandika upya tukajikuta tisa? Sheria inataka kumi! Nami narudi kwenye sheria hiyohiyo na kuisoma kwa furaha. Kama jumuiya ni watu 10 au zaidi, basi tisa si jumuiya. Hawahitaji mwenyekiti, hawahitaji katiba, hawana akidi ya kukosa wala ripoti ya mwaka ya kuchelewesha, na mgombea hatawavisha jezi. Wanahitaji bao na kete zake 64. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili, na hao saba wanaobaki wana kazi ya kutosha ya kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.