Buti Lililonipenda Kupita Kiasi

Kupanda farasi Nairobi ni mambo ya mtaa wa Karen, lakini kuvalia farasi kunawezekana soko la mitumba la Gikomba, mradi uwe na subira na mgongo wa kuinamia marundo. Masharti ya buti si mengi: soli laini isiyo na meno, kisigino cha inchi moja hivi cha kuzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, na upana unaoacha nafasi kidogo kila upande. Ukianguka, mguu uchomoke. Usipochomoka, farasi ataendelea na safari zake nawe ukimfuata kwa mgongo. Buti zuri, basi, ni lile linalojua kukuachia.

Muuzaji alikuwa na vigezo vyake. "Madam, hii ni kamera!" Yaani mtumba wa daraja la kwanza. Akaniinulia buti refu jeusi, ngozi halisi, lisilo na zipu. Urefu ulinifaa. Mabuti mapya hununuliwa yakiwa marefu kidogo kwa sababu ngozi hushuka kifundoni ikishazoea. La mtumba limeshashukia mguuni kwa mwenzio. Alitaka shilingi 3,000, nami nikaanzia 1,000. Tukiwa tunakaribiana vizuri, akasema, "Jaribu kwanza."

Liliingia kwa kusukumwa. Likakataa kutoka.

Mashavu ya miguu katika ukoo wetu ni ya kupandia milima, na aliyelishona buti lile hakuwahi kukutana nasi. Isitoshe, ilikuwa saa nane mchana, miguu imeshavimba kwa joto. Bei, iliyokuwa ikiteremka kwa adabu, ikasimama palepale. Utabembelezaje bei na bidhaa imekushika mguu? Nikakumbatia nguzo ya kibanda, yeye akavuta kisigino, jirani yake muuza sweta akamvuta yeye kiunoni. Mama wa chai akashauri nivae mfuko wa plastiki mguuni ndipo uteleze. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hata ingekuwepo, huvaliwa kabla ya buti.

Hatimaye likatoka, pamoja na soksi. Nikanunua mabuti mafupi ya kifundoni, na baadaye vikinga vya ngozi vya kufunga zipu hadi chini ya goti. Wapandaji wengi huvaa hivyo, na mfuko hauumii sana.

Muuzaji akanirudishia soksi yangu, akalipangusa lile refu kwa kiwiko, akaliinua juu: "Madam, hii imeshajaribiwa!"