Shangazi wa Karata: Mlinzi Mmoja, Wavamizi Wanne

Matatizo ya wachezaji wa Magic: The Gathering huku Washington, Maryland na Virginia yanajibiwa na Shangazi. Majibu yake hayana rufaa, ila kwa refa.

*Shikamoo Shangazi. Ijumaa usiku nilikuwa nacheza dukani Rockville. Mpinzani akanitumia viumbe watatu, kila mmoja nguvu 2, uimara 2. Mimi nilikuwa na dubu mmoja, naye wa 2 kwa 2. Nikatangaza anawazuia wote. Meza nzima ikacheka. Nimeonewa?*
*Dubu Mmoja, Silver Spring*

Marahaba, mwanangu. Hujaonewa, umesoma karata kwa matumaini. Kiumbe mmoja huzuia mshambuliaji mmoja tu, isipokuwa karata yenyewe iseme vingine. Kinyume chake ni ruksa: viumbe wako watano wanaweza kumvaa mshambuliaji mmoja, na hakuna wa kuwaita waoga. Tena, mshambuliaji hachagui kiumbe wa kupigana naye. Anakuja kwako wewe. Nani amkabili ni shauri lako.

Piga hesabu. Kama bado ulikuwa na uhai wako wote 20, dubu akimzuia mmoja wanauana, na wawili wanaopita wanakukata 4, unabaki na 16. Usipozuia kabisa unabaki na 14, dubu wako mzima. Hakuna msiba hapo. Msiba ni dubu kushambulia kwenye zamu yako iliyopita: akishambulia hulazwa ubavu, na karata iliyolala haizuii hata sisimizi.

*Shangazi, nilinunua Palace Guard, anayeruhusiwa kuzuia viumbe idadi yoyote. Akazuia wanne wa 2 kwa 2. Akafa, na hakuua hata mmoja. Nimeuziwa karata feki?*
*Mteja Mwenye Hasira, Hyattsville*

Karata ni halali. Matarajio ndiyo feki. Palace Guard ana nguvu 1 na uimara 4. Ruhusa ya kuzuia wengi haimwongezei nguvu. Kila mshambuliaji humpiga kwa nguvu zake zote, jumla 8, naye ana pigo la 1 tu la kumpa mmoja wao. Lakini je, wewe uliguswa? Ameondoka na pointi 8 ambazo zingekuwa zako. Hata angeuawa kwa uchawi mara tu baada ya kuzuia, waliozuiwa wamezuiwa. Hawapiti, labda wawe na sifa ya Trample, wale wanaokanyaga na kupitisha ziada.

Ukitaka anayezuia na kuua, mtazame Two-Headed Giant of Foriys, mkongwe wa toleo la kwanza la 1993, Richard Garfield alipoufikisha mchezo huu sokoni kupitia Wizards of the Coast. Ni 4 kwa 4, na huzuia mmoja wa ziada. Akikutana na wawili wa 2 kwa 2, anagawa 2 huku na 2 kule, anawaua wote, na yeye anakufa kwa kupokea 4. Zamani ulilazimika kuwapanga foleni, ummalize wa kwanza ndipo umfikie wa pili. Tangu toleo la Foundations, Novemba 2024, foleni imefutwa, gawa upendavyo.

Na hiyo “idadi yoyote” isikulevye. Wanaoruka hawamhusu mlinzi anayetembea. Mwenye sifa ya Menace huzuiwa na viumbe wawili au zaidi, na Palace Guard, hata akiruhusiwa kuzuia mia, mwenyewe ni mmoja.

*Shangazi, mimi sichezi. Humsubiri tu kijana wangu pale duka la michezo la Labyrinth, Capitol Hill. Lakini mwezi huu nimevamiwa: kodi ya nyumba, karo ya mpwa Morogoro, mchango wa harusi ya binamu Moshi. Mshahara ni mmoja. Nizuie vipi?*
*Mlipaji, Alexandria*

Pole, baba. Palace Guard ni wewe. Kila ombi linakuja na nguvu zake zote. Kinachogawanyika ni mshahara wako. Ukitaka kuwazuia wote kwa mkupuo, utakufa bila kummaliza hata mmoja.

Kodi izuie yote, maana mwenye nyumba anakanyaga: ukipunguza, ziada inawafikia watoto. Karo, mpigie ndugu yako mmoja mshirikiane. Wawili kumzuia mmoja ni halali, nimeshasema. Harusi iache ipite. Utapoteza pointi nne kwenye grupu la WhatsApp, na mtu hafi akiwa na 16. Kadi ya benki usiitegemee kama uliitumia kushambulia maduka mwezi uliopita. Bado imelala ubavu.

Na watu wa harusi wakikupigia saa nane usiku, usipokee. Subiri zamu yako.