Sifa za Bei ya Mgeni

Watu wamesifu asali, wamesifu mama, wamesifu hata ugoro. Hakuna aliyesimama kuisifu bei ya mgeni, ile inayozaliwa muuzaji akikutupia jicho tu, hujafungua mdomo. Leo naisifu mimi niliyeilipa miaka mitatu nikiwa Oman. Risiti sina, maana bei hii haina tabia ya kuandikiana.

Kwanza, inajali mtu. Kwenye supamaketi za Muscat kitunguu kimebandikiwa bei yake, na bei hiyo haikujui wewe ni nani wala umetoka wapi. Bei ya mgeni hukuchunguza kuanzia viatu, kisha ikakukadiria mshahara kwa ukarimu ambao mwajiri wako hajawahi kuuonyesha. Na sisi tusijifanye hatuijui: kinyago cha pale Mwenge, Dar es Salaam, hupanda bei kikiona Mzungu anashuka kwenye teksi.

Pili, inafundisha hesabu. Ijumaa moja asubuhi tulikwenda na mwenzangu soko la mbuzi la Nizwa. Wanunuzi wamejipanga pande mbili za njia ya duara, wauzaji wanapita katikati wakivuta mbuzi kwa kamba na kutaja bei kwa sauti. Niliingia kifua mbele. Sita, saba, tisa, ishirini mpaka tisini, si zote tumezitoa kwa Waarabu? Nikasahau kwamba moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Mzee mmoja akataka rial tisini kwa beberu wake, nikamjibu sitini. Akatikisa kichwa. Hapo mwenye lugha yake angeongeza tatu au tano. Mimi tano ya Kiarabu nilikuwa sina, nikapanda kwa makumi kama mtu anayeruka ngazi: sabini, themanini!

Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nizwa mbuzi yuko peupe, aliye kwenye gunia ni mnunuzi. Mzee yule, kanzu nyeupe na bakora mkononi, alimfunua beberu mdomo nihesabu meno, akanishika mkono na kuubonyeza mgongoni kwa mnyama niuone unono. Nikabonyeza kama daktari. Sikujua natafuta nini.

Tatu, na hii ndiyo sifa kuu, bei ya mgeni inakurudisha kwenye lugha ya mama. Nilimgeukia mwenzangu nikamwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, "Huyu mzee mwizi, anatulangua. Tujifanye tunaondoka, utaona atakavyotuita."

Tukaondoka. Hatua kumi, kimya. Ya kumi na tano, sauti nyuma yetu:

"Hamjenda mbali bado, wanangu. Endeni mpaka kwenye gari, ndo nikwiteni."

Kiunguja kitupu! Nilikuwa nimesahau kwamba Oman imejaa wazee waliohamia kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwamba kuna nyumba huko ambazo ugomvi wa jikoni bado ni wa Kiswahili. Nikarudi nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mwizi hajambo." Akamkuna beberu shingoni. "Mbuzi ni themanini, kama ulivyosema mwenyewe. Na tano ya matusi."

Nilijaribu kumwambia kwamba bei ina maongezi. Akaniuliza kwetu wapi, nikasema Tanga. Akaniuliza kama Tanga ndivyo tulivyofundishwa kusema na wazee.

Nikahesabu rial themanini na tano, noti kwa noti, mwenzangu akiangalia mlima. Nakiri kwamba siku ile nilimkosa rafiki yangu ninayemsifu hapa, kwa sababu ile haikuwa tena bei ya mgeni. Ilikuwa bei ya mtoto wa nyumbani aliyekosa adabu, na hiyo haipunguzwi.