Msimamizi Aliye Darini

Kigoma husifiwa kwa dagaa, migebuka na mawese. Leo naomba nafasi niyasifu mavi ya popo.

Katika nyumba za Ujiji zilizoezekwa bati, popo hujipenyeza kwenye ufa unaotosha kidole tu, wakaning'inia kwenye kenchi mchana kutwa, magharibi wakatoka kwenda kula wadudu. Wanachoacha hujilundika mwaka hata mwaka, mpaka dari linafanya kitambi na doa la rangi ya chai linatokea juu ya kitanda cha mgeni. Hapo ndipo mafundi huitwa, na hapo ndipo mavi hayo, msimamizi wetu wa darini, huonyesha uhodari wake.

Tazama mafundi haohao wakija kupaka rangi. Saa tatu wamefika, ngazi iko Mwanga, nyundo imeazimwa, mwenye ufunguo kaenda Kibirizi kumsindikiza mkwewe. Mavi ya popo hayana mchezo huo. Aliyewahi kuingia darini hakubali kushuka na kupanda tena kwa sababu ya ufagio uliosahauliwa. Basi kila kitu hupangwa chini ya tundu kabla mtu hajakanyaga ngazi: turubai juu ya makochi, salfeti zimekunjwa midomo, tochi, barakoa, na bomba la kunyunyizia la shambani limejaa maji. Maji hutangulia kila kitu. Mavi makavu yakifagiliwa hutoa vumbi, na vumbi hilo laweza kubeba kuvu wa Histoplasma anayeshambulia mapafu. Nimehudhuria semina za usalama kazini zilizofundisha machache kuliko haya, na chai haikuwa nzuri.

Hata saa hupangwa. Bati likishapata jua la saa nne, huko juu hakukaliki. Kwa hiyo kazi huanza mara baada ya sala ya alfajiri, bila kupigiana simu. Mmoja yuko juu na kizoleo, akikanyaga boriti tu maana ubao haumbebi mtu. Wa pili yuko tunduni anapokea, wa tatu anafunga salfeti na kuzitoa nje. Wa nne hatakiwi, naye hufurahi sana kusikia hivyo.

Wanahistoria huwasifu Wajerumani kwa meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mpangilio mzuri, sikatai. Ila dari la Ujiji hawakulijaribu.

Ufa nao huzibwa popo wakishatoka, na si msimu wa makinda, kwa kuwa makinda yasiyoweza kuruka yatafia ndani na kuoza. Harufu hiyo ina sifa zake pia, lakini namwachia mwandishi mwingine.

Tuongeze na thamani ya mavi yenyewe. Mwaka 1864 Hispania iliviteka visiwa vya Chincha vya Peru, vilivyokuwa na utajiri wa mavi ya ndege, vita vikafuata. Sisi mbolea kama hiyo tunaletewa hadi juu ya kitanda, bure, na bado tunanung'unika. Asiyenung'unika ni mkulima wa mchicha wa bonde la Luiche, anayekuja na baiskeli kuchukua salfeti akazilaze kwanza na majani. Akishazifunga kwenye keria humgeukia mwenye nyumba kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wangu. Hivi huo ufa, ni lazima uzibwe?"